Kuchagua pawa saplai ya pedali chache za gitaa

Pedali nne au tano za gitaa, yaani vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti yake, hazili umeme mwingi. Tyuna, ovadraivu, korasi na dilei kwa pamoja hutumia wati 1 hadi 2 tu, pungufu ya balbu ndogo ya LED. Kinachosumbua ni mambo mengine: volti, upande wa hasi kwenye plagi, na iwapo pedali zote zinachangia waya mmoja wa hasi. Wengi hukimbilia boksi la pawa saplai lenye matundu kumi na taa za buluu kabla hawajakaa chini wakahesabu pedali zao zinataka nini, ilhali hesabu yenyewe haimalizi hata dakika tano.

Soma chini ya pedali

Geuza kila pedali, uandike kwenye karatasi vitu vitatu: volti, milliampea (mA) na mchoro wa plagi. Kama maandishi yamefutika, tafuta mwongozo wa mtengenezaji kwenye intaneti. Usikisie.

Pedali nyingi za leo hufuata desturi iliyoenezwa na kampuni ya Boss: volti 9 za DC, hasi katikati, plagi ya mviringo yenye kipenyo cha nje cha mm 5.5 na tundu la mm 2.1. Mchoro wake ni kidoti kilichozungukwa na duara lililokatika upande mmoja. Mstari unaotoka kwenye kidoti ukiishia kwenye alama ya kutoa (−), hiyo ni hasi katikati. Ukiishia kwenye alama ya kujumlisha (+), hiyo ni chanya katikati, na ukiichomeka kwenye pedali ya kawaida unaweza kuiua papo hapo.

Upande wa milliampea, tofauti kati ya pedali ni kubwa. Wah-wah kama Cry Baby ya Dunlop haifiki hata 1 mA. Ovadraivu na distoshoni za analogi nyingi hula kati ya 3 na 15 mA. Carbon Copy ya MXR, dilei ya analogi, hula 26 mA. Ukiingia kwenye dijitali, mambo hubadilika: dilei ya Boss DD-8 ni 65 mA, lupa ya Ditto ya TC Electronic ni 100 mA, na Flint ya kwanza ya Strymon ni 250 mA. HX Stomp ya Line 6 ni jamii nyingine kabisa. Hutaka ampea 3 nzima, kwa hiyo iache na adapta yake iliyokuja nayo na usiihesabu kwenye ubao wa pedali zako.

Zipo pia pedali zinazokataa desturi. DL4 ya kwanza ya Line 6 na Whammy toleo la nne la DigiTech hutaka volti 9 za AC, wala si DC. Tundu la kawaida la pawa saplai haliziwashi. Fuzz za zamani zenye transista za jemaniamu aina ya PNP huwa na chanya kwenye grandi (waya wa pamoja wa pedali), mahali ambapo kwa kawaida hukaa hasi. RAT na Big Muff za miaka ya nyuma zina tundu la mm 3.5, kama la hedifoni. Ukinunua pedali ya mtumba, haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kuulizia bei.

Volti na milliampea si kitu kimoja

Hapa ndipo maswali mengi hutoka. Adapta ya volti 9 yenye uwezo wa 2000 mA haiunguzi pedali ya 5 mA. Pedali huvuta kiasi inachohitaji, na kinachobaki hukaa bila kutumika. Uwezo mkubwa wa milliampea ni akiba.

Volti hazina msamaha wa namna hiyo. Pedali iliyoandikwa 9V tu, ipewe volti 9. Zipo ovadraivu zinazokubali hadi 18V na hata kutoa sauti safi zaidi, lakini mtengenezaji ndiye wa kusema hivyo. Nyingine zina chipu ndani ya kupandisha volti, kama MAX1044, ambayo mwisho wake ni volti 10.5. Ukiipa 12V, chipu huungua mara moja, na kwa nje huoni chochote isipokuwa pedali iliyonyamaza.

Mfano wa hesabu. Chukua ubao wenye tyuna ya 30 mA, wah-wah ya 1 mA, ovadraivu ya 10 mA, dilei ya 65 mA na rivabu ya dijitali ya 250 mA. Jumla ni 356 mA. Ongeza theluthi moja ya akiba, kwa sababu pedali za dijitali huvuta zaidi zinapowaka na kwa sababu adapta inayofanya kazi ukingoni hupata moto. Unafika karibu 475 mA, kwa hiyo tafuta kitu cha 500 mA au zaidi. Kumbuka tena kwamba kwenye boksi la matundu mengi, jumla haitoshi kukupa jibu. Rivabu ile ya 250 mA haiwezi kukaa kwenye tundu la 100 mA hata kama boksi zima lina ampea 2.

Adapta zilizolala nyumbani

Karibu kila nyumba ina droo ya adapta: ya ruta, ya kamera ya CCTV, ya kinanda kilichokufa. Plagi zao nyingi ni zile zile za mm 5.5 kwa 2.1 na huingia kwenye pedali bila kipingamizi, na hapo ndipo hatari ilipo. Adapta nyingi za ruta na za kamera ni chanya katikati, na nyingi ni za volti 12. Adapta ya PA-130 ya vinanda vya Yamaha, ambayo makanisani haikosekani, ni volti 12 chanya katikati. Mwimbaji akikuazima kwa nia njema dakika kumi kabla ya ibada, mshukuru na uirudishe.

Mita ya kawaida ya fundi inamaliza ubishi wote. Iweke kwenye DCV 20. Chomeka adapta ukutani, ingiza ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi, gusisha ncha nyeusi kwenye chuma cha nje. Unataka kuona alama ya kutoa kwenye kioo: −9.1, −9.3, hivyo hivyo. Kile kikato kidogo mbele ya namba ndicho kinachosema kwamba katikati ni hasi. Ukiona 9.2 bila kikato, plagi ni ya kinyume. Ukiona −13, una adapta nzito ya zamani isiyo na kidhibiti cha volti, ambayo huandikwa 9V lakini bila mzigo hupanda hadi 12, 13 au 14. Hiyo ilitengenezewa redio, na mngurumo wake utausikia kwenye spika.

Lini adapta moja inatosha

Kwa pedali mbili hadi nne za analogi, adapta moja nzuri ya 9V yenye kidhibiti, ya 500 mA au zaidi, pamoja na kebo ya matawi (kebo moja yenye plagi kadhaa), inatosha. Hakuna sababu ya kununua boksi. 1 Spot ya Truetone, kwa mfano, ni adapta moja ya 1700 mA inayokubali umeme wa volti 100 hadi 240, na watu huendesha nayo ubao mzima.

Kasoro hujitokeza unapochanganya dijitali na distoshoni. Pedali zote kwenye kebo ya matawi hurudisha umeme kwa waya mmoja wa hasi. Pedali ya dijitali ina saa ndani yake inayodunda kwa kasi kubwa, na uchafu wake huingia kwenye ule waya. Ovadraivu iliyo jirani huupokea na kuukuza pamoja na sauti ya gitaa. Matokeo ni mluzi mwembamba wa juu unaobadilika ukigusa vitufe vya dilei. Zaidi ya hapo, hasi za pedali zimeshaunganishwa mara moja kupitia kebo za sauti, na kebo ya matawi inaziunganisha mara ya pili. Huo mzunguko hukamata mngurumo wa hezi 50 kutoka kwenye nyaya za jengo.

Dawa rahisi kuliko zote ni adapta ya pili. Pedali za analogi kwenye adapta moja na kebo yake, ile ya dijitali kwenye adapta yake peke yake. Adapta mbili za maana zinashinda boksi la bei rahisi lisilo na jina, na ikifa moja, nusu ya ubao bado ina umeme.

Kuna kosa moja la kebo ya matawi ambalo huunguza kabisa: kuweka fuzz yenye chanya kwenye grandi pamoja na pedali za kawaida. Kebo za sauti huunganisha grandi zote, kwa hiyo chanya ya adapta hukutana na hasi yake moja kwa moja. Fuzz ya namna hiyo ipewe betri au tundu lililotengwa lenye kebo ya kugeuza pande.

Matundu yaliyotengwa kweli

Ukifika pedali tano au sita, zikiwemo za dijitali mbili, boksi lenye matundu yaliyotengwa linaanza kuwa na maana. Kutengwa maana yake kila tundu lina njia yake ya umeme, hasi yake haigusani na hasi ya jirani. Ojai ya Strymon ina matundu matano, kila moja 500 mA. DC7 ya Cioks ina matundu saba na kila moja hupangwa 9, 12, 15 au 18V. Zipo chapa nyingine nzuri tu.

Madukani na kwenye kurasa za kuagizia vitu utakuta maboksi yameandikwa kwamba matundu yake yametengwa, kumbe kila tundu lina kinga ya shoti tu na hasi zote zimeungana ndani. Kinga ya shoti ni kitu kizuri, ila haiondoi mluzi. Pima mwenyewe kabla hujalipa. Boksi likiwa halijachomekwa ukutani, weka mita kwenye mlio wa kupima waya, gusisha ncha moja kwenye pini ya katikati ya tundu la kwanza na nyingine kwenye pini ya katikati ya tundu la pili. Mita ikilia, hasi zimeungana: ulichoshika ni adapta moja iliyovalishwa boksi. Pima matundu yote, kwa sababu maboksi mengine huwa na matundu mawili tu yaliyotengwa kati ya manane. Muuzaji akikataa usipime, tafuta duka jingine.

Faida ya ziada ya matundu yaliyotengwa ni kwamba unaweza kuyaunganisha mawili kwa kebo maalumu: kwa mfululizo upate 18V, au sambamba upate milliampea maradufu. Kwenye matundu yasiyotengwa, ile kebo ya mfululizo ni shoti.

Umeme wa Uganda upande wa ukutani

Hapa kwetu soketi ni ya pini tatu za bapa, volti 240, hezi 50. Bidhaa nyingi za pedali hutoka Marekani, ama mpya ama kwenye sanduku la ndugu anayerudi likizo, na huko umeme ni volti 120, hezi 60. Soma mstari wa INPUT. Ukikuta AC 100–240V 50/60Hz, unahitaji plagi ya kubadilisha umbo tu. Ukikuta AC 120V 60Hz, usichomeke. Transfoma ya ndani itaungua, na moshi utauona. Pedal Power 2 Plus ya Voodoo Lab ni mfano mzuri: ina transfoma ya kweli ndani na imetengenezwa kwa matoleo tofauti kulingana na volti za nchi, kwa hiyo nzuri ya Marekani si nzuri ya Mbale. Transfoma ya kushusha 240 kuwa 110 inasaidia, lakini ni mzigo mwingine wa kubeba kwenye boda, na vifaa vya hezi 60 peke yake hupata joto zaidi kwenye hezi 50.

Kwa mazingira yetu, pawa saplai nyepesi za kielektroniki za 100–240V zina ubora mwingine. Volti zikishuka jioni hadi 180 kwa sababu mtaa mzima unapika na kupiga pasi, zenyewe hutoa 9V ile ile. Jenereta ya harusi ikiyumba kila taa za jukwaa zinapowaka, hali ni hiyo hiyo. Zenye transfoma nzito huwa kimya sana, ila volti za ndani zikianguka kupita kiasi, kidhibiti chake kinakosa pa kushikilia na mngurumo unaingia.

Umeme unaporudi baada ya kukatika huja na pigo. Kifaa cha kulinda televisheni, ndugu yake mdogo wa friji gadi, kinafaa kwa pawa saplai na amplifaya ndogo. Friji gadi yenyewe inalinda vilevile, ila husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme, na kwaya haitakungoja.

Athi, yaani waya wa usalama unaoingia ardhini, inahitaji maneno zaidi. Adapta nyepesi za pini mbili zina kapasita ndogo kati ya upande wa 240V na upande wa 9V. Zinapokuwa hazijaunganishwa na athi popote, hasi yake huelea kwenye volti nyingi zenye mkondo mdogo sana. Ubao ukishaunganishwa na amplifaya yenye athi, ile volti hutoweka. Amplifaya ikikosa athi, utasikia mvumo unaopungua ukigusa nyuzi, na midomo itachomwa ikigusa maikrofoni. Mara nyingi kosa ni la ekstensheni: ina matundu matatu lakini ndani mna waya mbili. Ichomoe ukutani, mita iwe kwenye mlio, ncha moja kwenye ile pini ndefu ya juu ya plagi, nyingine ndani ya tundu la athi la ekstensheni. Isipolia, itupe au ibadilishwe waya. Kupima athi ya soketi ya jengo lenyewe mwachie fundi umeme. Na mtu yeyote asikushauri ukate pini ya athi ya amplifaya ili kuondoa mngurumo. Watu wamekufa kwa ushauri huo. Chomeka amplifaya na pawa saplai ya pedali kwenye ekstensheni moja nzima, mngurumo mwingi utaisha wenyewe.

Pasipo na umeme, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya mazoezi

Betri ya mraba ya 9V aina ya alkalini ina karibu 500 mAh. Ovadraivu ya 5 mA itakwenda nayo takribani saa 100, dilei ya 65 mA hata saa 7 haitafikisha kwa sababu volti hushuka njiani. Betri ni kimya kuliko chanzo chochote. Kwenye pedali nyingi, kebo ya gitaa ikiwa ndani ya tundu la kuingilia, pedali iko hewani hata kama taa haiwaki, kwa hiyo chomoa kebo ukimaliza.

Pawa benki hutoa 5V, na kuna kebo za USB zinazopandisha kuwa 9V. Kwa ubao wa 300 mA unahitaji wati 2.7. Pawa benki ya kweli ya 10,000 mAh ina wati-saa kama 37, na ukitoa upotevu zinabaki kama 30: saa kumi hivi. Sharti kebo iwe hasi katikati, na ujue kwamba pawa benki nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo. Ovadraivu moja peke yake haitoshi kuiweka macho.

Betri ya sola ya volti 12 ni nzuri zaidi, mradi usiichomeke moja kwa moja. Inapochajiwa hufika 14.4V. Fundi wa redio anaweza kukutengenezea kishushio kwa chipu moja ya 7809: kapasita ya 0.33 µF upande wa kuingia, 0.1 µF upande wa kutoka, fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, na bati la kupoza. Hilo bati si pambo: kwa 300 mA na betri ikiwa 14.4V, chipu hugeuza wati 1.6 kuwa joto. Nayo 7809 hutaka angalau volti 11 za kuingia, kwa hiyo sauti ikianza kuvuma usiku, angalia betri kwanza. Moduli za LM2596 ni rahisi na hazipati moto, ila skrubu yake huja imekaa popote. Izungushe ukipima hadi 9.0V kabla pedali yoyote haijaguswa. Inverta isishirikiane na pedali kwenye betri moja, itakuletea kelele yake yote. Kama huna budi kupiga kwa inverta, iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la mraba hufanya pawa saplai za transfoma zipige kelele na kupata moto.

Kelele ikitokea

Pedali ya dijitali inayojizima na kuwaka, au taa inayofifia ukikanyaga, imekosa milliampea. Ihamishie tundu kubwa. Inayokatika ukisogeza plagi huenda imepewa plagi ya mm 2.5 badala ya 2.1, inaingia lakini inalegea. Pedali iliyokufa baada ya kuchomekewa kinyume haijaharibika kabisa kila mara. Nyingi zina dayodi ya kinga, kama 1N4001, iliyojitoa mhanga, na fundi huibadilisha kwa muda mfupi.

Kwa mngurumo usiojulikana unatoka wapi, toa pedali zote, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Ukibaki, pawa saplai haina hatia. Ukiisha, rudisha pedali moja moja, na ile inayouleta iendeshe kwa betri. Ikinyamaza kwa betri, kosa ni la umeme wake. Wah-wah ni kesi ya pekee: koili yake hunasa mngurumo hewani kutoka kwa transfoma iliyo karibu, hata umeme ukiwa safi. Sogeza boksi hadi upande wa pili wa ubao, au lifunge chini yake kwa bati la chuma. Kebo za umeme zipite pembeni, na zinapolazimika kukutana na kebo za sauti, zikatane kama msalaba badala ya kulala sambamba.